Hashakum Si Matusi: Safari ya Neno Moja la Chooni

Ndugu wasomaji, nianze kwa kuomba radhi kama walivyotufunza wazee wetu. Mswahili akitaka kutaja jambo la chooni mbele ya watu hutanguliza neno "hashakum". Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kumwambia msikilizaji kuwa yeye ameepukana na hilo litakalotajwa. Kisha sisi wenyewe tukaongeza, "si matusi". Basi hashakum si matusi: makala haya yanahusu haja kubwa, maneno tunayoitajia, na mabomba yanayoichukua.

Kilichonisukuma kushika kalamu ni kisa cha mama yangu. Mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka themanini na kitu, alilazwa katika hospitali moja hapa Maskati kwa maumivu ya tumbo. Siku ya pili mimi nilikuwa kazini, na aliyekaa naye ni mwanangu wa kiume, kijana wa miaka kumi na saba, ambaye Kiswahili chake ni cha kusikia zaidi kuliko cha kusema. Muuguzi alikuwa bibi wa Kihindi kutoka Kerala, mwenye Kiingereza kizuri na Kiarabu kidogo. Mama akamwambia mjukuu wake, "Mwambie leo siku ya nne sijapata choo." Kijana akafasiri kama alivyoelewa: bibi anasema hajakiona choo kilipo.

Muuguzi, kwa upole wote, akamshika mama mkono, akamwongoza mpaka mlangoni, akamwashia taa. Mama akaona haya kueleza zaidi mbele ya mjukuu wa kiume. Akaingia, akatoka, akashukuru. Na katika faili ikaandikwa kuwa mgonjwa amekwenda chooni.

Nilipofika jioni nikamkuta tumbo limevimba na uso umebadilika. Nikamuuliza, "Mama, choo umepata?" Akatikisa kichwa. Daktari alipoelezwa vizuri akaamuru picha, na picha ikaonyesha utumbo umeziba. Akapasuliwa usiku uleule. Alhamdulillahi alipona, na akaishi nasi miaka minne zaidi.

Tulipokuwa tumekaa nje ya chumba cha upasuaji, mwanangu aliniuliza kwa sauti ya kutaka kulia, "Baba, choo si mahali?" Sikumkemea, maana kosa si lake. Ni kweli choo ni mahali. Lakini katika Kiswahili choo pia hupatikana, hufunga, huwa kigumu na huwa chepesi. Swali lake limenikaa tangu siku ile, na kila nilipolifuatilia nikakuta lina historia ndefu kuliko nilivyodhani, si kwetu tu, bali hata kwa hao Waingereza ambao lugha yao ndiyo iliyotumika mbele ya muuguzi.

Nianze na wao. Neno ambalo madaktari wa Kiingereza hulitumia kwa kwenda haja kubwa ni "defecate". Mara ya kwanza kulikuta katika maandishi nilikuwa mwanafunzi wa uhandisi Uingereza, na nililikuta katika kitabu cha viwanda vya sukari. Nikadhani nimechukua kitabu sicho. Kumbe katika ufundi wa sukari jina hilo ni la hatua ya heshima kabisa: maji ya miwa hutiwa chokaa na kupashwa moto, taka hushikana na kushuka chini ya tangi, na juu hubaki maji safi yanayokwenda kupikwa sukari. Aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda kama kile cha Mahonda, Unguja, ataijua hatua hiyo hata kama hakulijua jina lake.

Maana hiyo ya sukari ndiyo iliyo karibu na asili. Katika Kilatini, "faex" ni mashapo, yale yanayobaki chini ya pipa la mvinyo, na wingi wake ni "faeces". Ukiweka "de" mbele unapata kitendo cha kuyatoa mashapo. Neno lilipoingia katika Kiingereza katika karne ya 16 lilimaanisha kusafisha, kuondoa takataka ili kitu kibaki safi. Lilitumika hata kwa mambo ya roho na akili, kwa maana ya kutakasika na upungufu. Ilipofika karne ya 19 ndipo likahamia tumboni. Waingereza walikuwa na maneno yao ya asili kwa jambo hilo, mafupi na ya wazi, lakini yalikwisha kuwa matusi. Wakatafuta neno la Kilatini la kuyafunika, na wakaliona hili la mapipa.

Dada yake ni "excrete", na asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuchekecha na kupepeta. Watu huyachanganya, lakini katika elimu ya viumbe yana tofauti. Hili la pili ni mwili kutoa taka iliyotengenezwa na mwili wenyewe, kwa mkojo, jasho na pumzi. Haja kubwa kwa sehemu kubwa ni mabaki yaliyopita tumboni bila kuingia mwilini. Mwanafunzi akiulizwa katika mtihani, aikumbuke tofauti hiyo. Mimi linalonipendeza ni kwamba maneno yote mawili yametoka kwa watu wenye pipa na ungo. Yanasema habari ya kutenganisha: kizuri kibaki, kibaya kiondoke.

Na hilo neno "toilet" ambalo siku hizi limeandikwa kila mlango wa uwanja wa ndege? Lilikuwa kitambaa. Kwa Kifaransa "toile" ni nguo, na "toilette" ni kijinguo. Kijinguo hicho kikatandikwa juu ya meza ya kujipambia, jina likahamia kwenye meza, kutoka meza likaenda kwenye kujipamba kwenyewe, kisha kwenye chumba cha kujipambia, na mwishowe likaingia chooni na halikutoka tena. Neno "lavatory" nalo lilikuwa mahali pa kunawa. Kila stara ikichakaa huletwa nyingine, nayo huchakaa vilevile.

Waarabu nao hawakuepukana na hayo. Neno "ghait", ambalo limo hata katika Qur'ani Tukufu katika aya zinazotaja udhu, asili yake ni bonde, ardhi iliyoshuka. Mtu aliyetaka haja alishuka bondeni asionekane. Basi mahali pakakipa kitu jina. Hapa Maskati neno la kila siku ni "hammam", ambalo maana yake ya kwanza ni bafu la kuogea. Ndiyo maana Mzanzibari anayekumbuka mtaa wa Hamamni, palipo na bafu lililojengwa zama za Sayyid Barghash kwa watu kuoga na kukandwa, hushangaa kidogo akifika hapa na kuonyeshwa hammam palipo na shimo.

Kwetu sisi mambo ni hayohayo, bali yamezidi utamu. Tuna "haja", kubwa na ndogo, ambayo kwa Kiarabu ni hitaji lolote. Tuna "kujisaidia", ambayo asiyejua atadhani ni jambo la sifa. Tuna "maliwato". Tuna "msalani", na hili ni la hatari katika mji huu, maana msala huohuo ndio mkeka wa kuswalia, na Mwarabu ukimuuliza msala uko wapi atakuonyesha mahali pa kuswali. Tuna kitenzi cha wazi, "kunya", ambacho Waswahili wa pwani hatukioni kibaya kikihusu mawingu: mvua inanya. Wenzetu wa bara husikia wakacheka, kwani wao wanasema inanyesha. Na hata hapo tuna methali, kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Maana yake inajulikana: kosa ni lilelile, hukumu hutazama aliyelitenda.

Na tuna choo. Sasa naweza kumjibu mwanangu. Choo ni kama ile ghait ya Waarabu: jina moja limebeba mahali na kitu. "Kwenda chooni" ni mahali. "Kupata choo" ni kitu. Kijana aliyelelewa ndani ya lugha hatofautishi kwa kufikiri, masikio yake humtofautishia. Aliyeipata lugha kwa vipande, jikoni na katika simu za Idi, hubaki na kipande kimoja, na kipande hicho ndicho kilichomfikisha mama yangu kwenye mlango wa choo badala ya kwa daktari.

Ndugu wasomaji, mtu asidhani kwamba kwa kuwa jambo hili tumelifunika kwa maneno, basi wazee wetu hawakulijali. Nenda Gede, karibu na Malindi, mji uliostawi katika karne ya 15 na ambao James Kirkman aliuchimbua kuanzia mwaka 1948. Ndani ya nyumba za mawe vimekutwa vyoo vya mashimo, na pembeni pa kujitohoreshea kwa maji. Katika nyumba za kale za Lamu, choo kimo ndani ya nyumba, na kando yake birika la maji la chokaa. Chini ya birika hupachikwa bakuli la kaure kutoka China, na majini hufugwa visamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Huo ni uhandisi. Aliyebuni samaki wale alijua kuwa maji yaliyotuama ndani ya nyumba yana adui wake.

Tatizo letu lilikuwa mwamba. Miji ya pwani imejengwa juu ya mawe ya matumbawe yenye vitundu. Shimo la choo katika mwamba huo halijai upesi, na kwa sababu hiyo watu hulipenda. Lakini maji yanayolikimbia shimo huenda mahali, na mara nyingi mahali penyewe ni kisima cha jirani. Nyumba zikiwa chache, ardhi huchuja. Nyumba zikisongamana, ardhi hushindwa.

Unguja iliyalipa hayo kwa roho za watu. Kipindupindu kilichozuka mwaka 1869 na kuendelea hadi 1870 kilichukua watu kwa maelfu. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu mjini wakati huo, alifuatilia njia ya maradhi hayo kupitia nchi ya Wamasai hadi Pangani na Unguja, na kitabu chake kikatoka London mwaka 1876. Maskati ilikwisha kuonja shari hiyo tangu 1821. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeyaleta mjini maji ya chemchemi ya Chemchem kwa mfereji na mabomba. Watu humsifu Barghash kwa Beit al-Ajaib, jumba la ajabu. Mimi kwa kazi yangu nitamsifu kwanza kwa bomba. Jumba lilistaajabisha wageni, bomba liliwatoa wenyeji kwenye visima vilivyopakana na vyoo.

Wala Wazungu wasitucheke. David Livingstone alipopita Unguja mwaka 1866 aliukejeli mji kwa uvundo wa pwani yake, naye alitoka katika nchi ambayo miaka minane tu kabla, yaani 1858, Bunge lake lilizibwa pua na harufu ya mto Thames. London mpaka mwaka 1815 ilikataza uchafu wa vyoo kuingia katika mifereji ya mji, kwani mifereji hiyo ilikuwa ya maji ya mvua. Neno lao "sewer" asili yake ni Kilatini, "ex" na "aqua", kuyatoa maji nje. Waliporuhusu vyoo kuungwa, uchafu wote ukaenda mtoni, na maji ya kunywa yakatoka mto huohuo. Mwaka 1854 Daktari John Snow alionyesha kuwa wafu wa mtaa mmoja walikuwa wamekunywa kutoka pampu moja, ile ya Broad Street. Baada ya uvundo wa 1858 ndipo mhandisi Joseph Bazalgette akapewa fedha za kujenga mifereji mikubwa. Kuku na bata, ndugu zangu.

Na sasa Oman. Mababu wa nchi hii walielewa kanuni ya kutenganisha kabla ya vitabu vya uhandisi. Falaj ikitoka chini ya ardhi kuingia mjini, kwanza ni mahali pa kuchota maji ya kunywa. Baada ya hapo maji hupita msikitini kwa udhu, kisha sehemu za kuoga, wanaume kwao na wanawake kwao, chini zaidi mahali pa kuoshea maiti, na mwisho mashamba ya mitende. Hakuna anayeoga juu ya anayekunywa. Mwaka 2006 UNESCO iliingiza mifumo mitano ya aflaj za Oman katika urithi wa dunia. Watalii hupiga picha mfereji. Mimi huwaambia watazame utaratibu.

Mji wa kisasa ulivunja mpangilio huo kwa kasi. Mwaka 1976 mtambo wa Ghubrah ulianza kutoa maji matamu kutokana na maji ya bahari, maji yakawa mengi majumbani, na vyoo vya kuvuta maji vikaenea. Lakini maji yaliyoingia lazima yatoke. Nyumba zikachimbiwa makaro, na makaro yakanyonywa na magari. Mpaka leo mitaa isiyounganishwa hutegemea magari hayo: la buluu huleta maji safi, la manjano huchukua majitaka. Mtoto wa Maskati hujua rangi hizo kabla ya kujua kusoma.

Desemba 2002 ikaanzishwa kampuni ya serikali ya kuuwekea mji mabomba ya majitaka, na baadaye ikajulikana kwa jina la Haya. Hebu fikirieni sisi Waswahili tulivyopokea jina hilo! Kampuni ya mambo ya chooni kuitwa Haya. Wazee kwenye kahawa walicheka mpaka machozi. Kwa Kiarabu, haya hiyo ni mvua na neema ya ardhi. Hata hivyo maneno hayo ni ndugu: uhai, mvua inayohuisha na haya ya mwanadamu, yote kwa Kiarabu yametoka katika mzizi mmoja. Siku hizi kazi hiyo imeunganishwa na ya maji safi chini ya kampuni ya Nama, lakini wazee bado wanasema Haya.

Nenda kwenye mtambo wa Al Ansab uone linalofanyika. Majitaka ya mji huingia, vijidudu hulishwa hewa na kula uchafu, kisha maji hupitishwa kwenye utando wenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Yanayotoka hunyweshea miti na majani ya barabarani, na karibu yake kuna vidimbwi ambako ndege wa safari hutua na watu huenda kuwatazama. Oman iliweka kanuni za viwango vya maji hayo mwaka 1993. Masheikh nao hawakuwa nyuma. Baraza la Wanazuoni Wakubwa la Saudia liliamua mwaka 1978 kwamba maji yaliyosafishwa hata najisi isibaki rangi, ladha wala harufu ni tohara, ingawa kwa afya ni bora kutoyanywa. Fiqhi ililijua jambo hilo zamani kwa jina la istihala, mfano wa mvinyo unaogeuka siki.

Tope linalobaki halitupwi. Huchanganywa na majani na matawi yaliyokatwa, huachwa liive kwa joto lake lenyewe, likawa mbolea iliyouzwa kwa jina la Kala, yaani malisho. Ukiichota mkononi hainuki ila harufu ya udongo. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki, wakiwa na maana ya ugomvi uliopita. Walisema kweli hata katika kemia.

Basi tazameni neno lilivyozunguka. Lilianza kwenye pipa la mvinyo kwa maana ya kutoa mashapo ili kibaki kilicho safi, likaingia tumboni kwa ajili ya haya za watu, na sasa kazi yake ya kwanza inatendeka kila siku Al Ansab. Uchafu ukipewa njia yake hurudi kuwa maji na udongo. Ukifichwa tu, huenda kisimani kwa jirani.

Na maneno ni vivyo hivyo. Haya ni sehemu ya imani, wala siwaambii watoto wetu waitupe. Lakini haya ya wazee wetu ilikuwa na njia: walisema hashakum, kisha wakasema. Sisi tumewaachia watoto ukimya. Hawajui tofauti ya kwenda chooni na kupata choo, hawajui kuharisha, kuvimbiwa, kufunga choo, choo cha damu, kukojoa kwa shida. Hayo ndiyo maneno ambayo bibi atayahitaji siku ambayo Kiarabu chake kitamkimbia kwa maumivu, kwani mtu mgonjwa hurudi kwenye lugha aliyoanzia.

Nyumbani kwetu tulikaa tukayaandika kwenye karatasi moja, Kiswahili upande huu, Kiarabu na Kiingereza upande ule. Mwanangu ndiye aliyeiandika, kwa mkono wake, na mama yangu ndiye aliyesahihisha huku akijifunika mdomo kwa mtandio. Alipofika kwenye neno choo, kijana akauliza aandike nini. Mama akamwambia, "Andika mara mbili."

Karatasi hiyo ipo bado mlangoni mwa friji. Nawaomba kila nyumba iandike yake.